Zana za kuona taarifa fiche za picha: ipi inafaa kazi ipi

Chukua picha moja iliyopigwa kwa simu jijini Dar es Salaam, ifungue kwa zana nne, na unaweza kupata majibu manne. Google Photos itakuonyesha ramani. Windows itakupa tarakimu za latitudo na longitudo bila kusema ni kaskazini au kusini. Tovuti uliyoifungua kwa simu ya Android inaweza kukwambia picha haina mahali kabisa. ExifTool, programu ya kompyuta inayoendeshwa kwa amri, itamwaga mistari hata zaidi ya mia, na namba zinazobishaniwa zimo humo. Hakuna zana iliyoharibika kati ya hizi. Kila moja imetengenezwa kujibu swali lake, na anayechagua bila kujua swali lake ndiye anayetangaza kwamba picha ni safi ilhali bado imebeba mahali anapoishi.

Ijulikane kwanza kinachosomwa. Ndani ya faili la JPEG au HEIC (aina ya faili la picha za iPhone), mbali na picha yenyewe, mna mafungu ya maandishi. Fungu kuu ni EXIF, kiwango kilichoanzia Japani mwaka 1995: kamera huandika humo tarehe na saa, aina ya kifaa, lenzi, ISO (kiwango cha kuhisi mwanga), mwelekeo wa picha na, simu ikiruhusiwa, GPS. IPTC ni fungu la vyumba vya habari: maelezo ya picha, jina la mpiga picha, haki za matumizi. XMP lililetwa na Adobe mwaka 2001, na programu za kuhariri hupenda kuandika humo kilichofanywa kwenye picha na lini. La nne huitwa MakerNotes. Hilo ni eneo la mtengenezaji wa kamera peke yake, kila kampuni na mpangilio wake usiochapishwa, na ndimo mnamokaa mambo kama namba ya mfululizo ya kamera na idadi ya mara shata (pazia la kamera) imefunguka. Zana za kawaida husoma EXIF kijuujuu na kuliacha eneo hili kama lilivyo. Hapo ndipo tofauti kubwa inapoanzia.

## Faili ulilonalo ni la asili?

Swali hili linatangulia zana zote. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa upya na EXIF yake hutupwa, hata ukichagua ubora wa HD. Hakuna programu ya bure wala ya kulipia itakayoirudisha, kwa sababu haimo. Telegram hufanya vivyo hivyo ikitumwa kama picha, na Signal pia.

Kinachobaki ni jina la faili, na jina hilo huwapotosha wengi. Faili linaloitwa IMG-20240315-WA0007.jpg lina tarehe 15 Machi 2024, lakini hiyo ni siku ambayo WhatsApp ilipitisha na kuhifadhi faili kwenye simu hiyo. Picha yenyewe inaweza kuwa ya miaka mitano nyuma. Kwenye magrupu tarehe hii hutolewa kama ushahidi wa lini tukio limetokea, na si ushahidi.

Facebook na Instagram nazo huondoa EXIF kwenye nakala inayoonekana na umma, ila huacha alama yao: ndani ya IPTC, kwenye sehemu ya maelekezo maalumu, hukaa mfuatano wa herufi unaoanza na FBMD. Ukiuona, unajua picha uliyoletewa kama «ya asili» imepita kwenye mitandao hiyo. Google Photos haitakuonyesha alama hiyo, Windows haitakuonyesha. ExifTool itakuonyesha.

Kwa hiyo, ukitaka kukagua picha ya mtu, mwombe akutumie kama hati: kwenye WhatsApp abonyeze alama ya kiambatisho, achague Document, kisha atafute picha hiyo. Telegram ina njia ya File. Barua pepe kwa kawaida hubeba faili zima bila kuligusa. Waya wa USB kutoka simuni hadi kwenye kompyuta ndio bora kuliko vyote. Kwa iPhone inayoungwa na Windows, ingia Settings, sehemu ya Photos (kuanzia iOS 18 imo ndani ya Apps), na chini kwenye Transfer to Mac or PC chagua Keep Originals, la sivyo HEIC hubadilishwa kuwa JPEG njiani na hutakuwa unakagua faili lililotoka kwenye kamera.

## Kwa ufupi, zikiwekwa pamoja

| Zana | GPS inavyoonekana | MakerNotes | Picha inatoka kwenye kifaa chako? | Kazi inayoifaa |
|---|---|---|---|---|
| Google Photos, Gallery ya Samsung | ramani, wakati mwingine ya kukisia | hapana | inategemea kama umewasha nakala rudufu | kutazama haraka |
| Photos ya iPhone | ramani | hapana | hapana, bila iCloud | kutazama haraka, kuondoa mahali kabla ya kutuma |
| Windows, Properties | tarakimu bila kaskazini wala kusini | hapana | hapana | tarehe, kifaa, ukubwa |
| Preview ya Mac | tarakimu kamili na ramani | kidogo | hapana | mtu asiyetaka kusakinisha kitu |
| Tovuti za kupakia picha | hutegemea tovuti na kivinjari | baadhi | ndiyo, kwa nyingi | picha moja isiyo na siri |
| ExifTool | kila namna | ndiyo, kwa kina | hapana | kuamua jambo lenye uzito |

## Simu: rahisi, ila kuna kukisia

Kwenye Google Photos, fungua picha na uitelezeshe juu. Utaona tarehe, jina la simu, uwazi wa lenzi, ISO, ukubwa wa faili na ramani. Gallery ya Samsung hufanya hivyo hivyo. Kwa anayetaka kujua tu picha ya arusi ilipigwa siku gani, kazi imekwisha hapo.

Tatizo ni ramani. Google Photos inaweza kuonyesha mahali ambapo hapamo kabisa kwenye faili, kwa kukisia kutokana na vidokezo vingine kama majengo yanayotambulika. Huweka maneno Estimated location pembeni, madogo, na ni rahisi kuyapita. Mtu huona ramani, hudhani picha yake ina GPS, hufuta asichonacho. Kinyume chake pia hutokea: ukibadilisha tarehe au mahali ndani ya Google Photos, badiliko hukaa kwenye akaunti yako, na faili la asili hubaki lilivyokuwa. Ukitoa picha zako zote kwa Google Takeout, utakuta mafaili ya maandishi ya aina ya JSON yameambatana na picha, na humo ndimo yalimo marekebisho uliyofanya.

Photos ya iPhone, kuanzia iOS 15, ina kitufe cha herufi i chini ya picha kinachoonyesha kifaa, lenzi, ukubwa na ramani. Faida yake kubwa iko kwenye kutuma. Unapobonyeza kitufe cha kushiriki, juu kabisa kuna neno Options. Ndani yake unazima Location, na nakala inayotoka haina GPS. Humo pia mna All Photos Data, ambayo hufanya kinyume: hubeba kila kitu, pamoja na historia ya uhariri. Ukiiwasha kwa bahati mbaya umetoa zaidi ya ulivyokusudia.

Kama unataka programu ya simu yenye kuonyesha zaidi, iPhone ina Metapho. Android ina Termux, programu ya kuandikia amri, ambayo tutaigusa kwenye ExifTool. Programu nyingine za EXIF kwenye Play Store ni nyingi, zimejaa matangazo, na nyingi huomba ruhusa ya kusoma picha zote ili kukuonyesha moja. Ukiona inaomba pia orodha ya watu uliowahifadhi kwenye simu (contacts) au kipaza sauti, iondoe.

## Windows: Dar es Salaam inapohamia Ethiopia

Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Details. Huhitaji kusakinisha chochote kwa JPEG. Kwa HEIC ya iPhone, unahitaji viongezi vya HEIF Image Extensions na HEVC Video Extensions kutoka Microsoft Store kama havimo tayari, vinginevyo picha haifunguki.

Kwa tarehe, kamera na ukubwa, Windows inatosha. Tazama tu mstari sahihi. Date taken hutoka kwenye EXIF. Date modified na Date created ni za faili kwenye diski, na zinaweza kubadilika picha ikinakiliwa au kupakuliwa. Mtu akikuonyesha Date created ya jana kama ushahidi kwamba picha ni ya jana, amekuonyesha siku aliyoipakua.

Kwa GPS, zana hii haituaminishi sisi wa kusini mwa ikweta. EXIF huandika latitudo kwa vipande viwili: namba, ambayo daima ni chanya, na herufi N au S kwenye mstari wake wa pekee. Windows huonyesha namba, kwa mfano 6; 48; 12 (digrii, dakika na sekunde, yaani digrii 6.80), na herufi haionekani. Mtu akiipeleka hiyo kwenye ramani kama 6.80, 39.28, pini haidondoki Dar es Salaam. Inadondoka kusini mwa Ethiopia, upande wa milima ya Bale. Picha ya Nairobi, latitudo 1.29, inaangukia kaskazini kidogo mwa Maralal huko Samburu, na hapo ni hatari zaidi kwa sababu bado ni Kenya: mkaguzi anaona mahali panapowezekana, anaridhika. Kampala haiathiriki kwa kuwa iko kaskazini mwa ikweta. Kwa hiyo kama unasoma GPS kwenye Windows na picha inasemwa kuwa ya Tanzania, Rwanda, Burundi au kusini mwa Kenya, weka alama ya kutoa mbele ya latitudo, kisha hakikisha kwa zana inayosoma herufi yenyewe.

Jambo jingine: usizungushe picha ndani ya Windows kama inaweza kuwa ushahidi. Kuzungusha huandika upya faili. Kabla ya kitu chochote, chukua alama ya faili kwa amri `certutil -hashfile picha.jpg SHA256` na uihifadhi. Kwenye Linux ni `sha256sum picha.jpg`, kwenye Mac `shasum -a 256 picha.jpg`. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama hiyo haitalingana tena.

## Mac

Preview ni nzuri kuliko wengi wanavyojua. Fungua picha, bonyeza Cmd pamoja na I, nenda kwenye alama ya i, na utaona vijisehemu vya General, Exif, GPS, TIFF na IPTC, kila kimoja kikitokea tu kama data yake ipo. GPS huja na kaskazini au kusini na ramani ndogo, pamoja na kitufe cha Remove Location Info. Kitufe hicho huondoa mahali peke yake. Jina la simu na saa hubaki. Kwa mwenye Mac na picha kumi za kukagua, sioni sababu ya kutafuta zaidi, isipokuwa anatafuta namba ya mfululizo au dalili za uhariri.

## Tovuti

Unafungua ukurasa, unachagua picha, unasoma orodha. Nyingi kwa ndani huendesha ExifTool ileile, hivyo orodha inaweza kuwa ndefu na sahihi. Udhaifu uko kwingine.

Kwanza, unampa mtu usiyemjua picha ambayo shaka yako yote ni kwamba ina siri. Picha ya mtoto, ya nyumba, ya hati au ya chanzo cha habari isipite huko. Kuna tovuti chache zinazosoma faili ndani ya kivinjari bila kulituma popote, na kuna njia ya kuzipima: fungua ukurasa hadi umalizike, zima data na Wi-Fi, kisha chagua picha. Majibu yakitokea, faili halikuondoka kwenye kifaa. Yasipotokea, huenda ilikuwa inatumwa.

Pili, na hili huwaangusha hata wanaojua: tangu Android 10, programu isiyo na ruhusa maalumu ya kusoma mahali pa picha hupewa faili ambalo GPS yake imefichwa na mfumo wenyewe. Kivinjari mara nyingi kimo katika kundi hilo. Unapakia picha, tovuti inasema hakuna GPS, unaipeleka faili hiyo hiyo kwa barua pepe kutoka kwenye kompyuta, na GPS inakwenda nayo. Kwenye iPhone nako, kuchagua kutoka maktaba ya picha kupitia Safari kunaweza kuigeuza HEIC kuwa JPEG kabla haijafika. Jibu la «haina» kutoka kwenye tovuti uliyoifungua kwa simu lisikutoshe kamwe.

Tatu ni bando. Picha 200 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 800 za kupakia, kwa kazi ambayo programu ndani ya kompyuta huimaliza bila intaneti.

## ExifTool

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa kila anayelazimika kusimama nyuma ya jibu lake: mwanahabari, wakili, mchunguzi, mtunza kumbukumbu, mpiga picha mwenye maelfu ya mafaili. Imetengenezwa na Phil Harvey wa Kanada, inatoka tangu mwaka 2003, ni bure na msimbo wake uko wazi. Inasoma MakerNotes za Canon, Nikon, Sony, Apple na wengine wengi, na inakwambia kila mstari umetoka fungu gani.

Kusakinisha: kwenye Ubuntu au Debian andika `sudo apt install libimage-exiftool-perl`, kwenye Mac yenye Homebrew (programu ya kusakinishia nyingine), `brew install exiftool`, ndani ya Termux kwenye Android, `pkg install exiftool`, ukitanguliza `termux-setup-storage` ili Termux iruhusiwe kuona folda za simu. Kwenye Windows pakua zipu kutoka exiftool.org. Ndani yake mna exiftool(-k).exe na folda ya exiftool_files. Hivi viwili huhama pamoja. Anayenakili .exe peke yake hupata ujumbe wa kosa na kudhani programu ni mbovu. Kama hupendi kuandika amri, buruta picha uiachie juu ya exiftool(-k).exe, dirisha jeusi litafunguka na orodha nzima. Kama utaandika amri, badilisha jina liwe exiftool.exe.

Hakikisha toleo kwa `exiftool -ver`. Matoleo ya 7.44 hadi 12.23 yalikuwa na tundu lililoruhusu faili lililotengenezwa kwa hila kuendesha amri kwenye kompyuta ya mkaguzi. Lilizibwa katika 12.24, mwaka 2021. Anayepokea picha kutoka kwa watu asiowajua asikae na toleo la zamani.

Amri ya kuanzia:

`exiftool -a -G1 -s picha.jpg`

Hapa `-a` huonyesha mistari iliyojirudia, `-G1` hutaja fungu, `-s` hutoa jina halisi la mstari. Bila `-a`, tarehe iliyoandikwa mara mbili kwa namna mbili tofauti itaonekana mara moja tu, na mgongano wa tarehe ndiyo mara nyingi dalili unayoitafuta. Jina la faili likiwa na nafasi, liweke ndani ya alama za kunukuu.

Kwa mahali:

`exiftool -n -GPSPosition picha.jpg`

Jibu huja kama -6.8034 39.2801, alama ya kutoa ikiwa mahali pake. Weka koma katikati uipeleke kwenye ramani. Angalizo: ukiomba `-n -EXIF:GPSLatitude` utapata 6.8034 bila alama, kwa sababu ndivyo EXIF inavyoiandika. ExifTool nayo basi yaweza kukupeleka Ethiopia ukiiuliza vibaya. Kwenye picha za iPhone tazama pia GPSHPositioningError, ambayo ni makadirio ya kosa kwa mita. Kosa la mita 5 na kosa la mita 1,400 si ushahidi wa uzito mmoja, na hakuna ramani ya simu inayokuonyesha tofauti hiyo.

Kwa folda nzima, hapa ikiitwa Picha:

`exiftool -csv -r -n -DateTimeOriginal -Model -GPSPosition Picha > orodha.csv`

Hiyo hufunguka kwenye Excel au LibreOffice, mstari mmoja kwa kila picha.

Kwa kijipicha kilichofichwa ndani:

`exiftool -b -ThumbnailImage -w _kijipicha.jpg picha.jpg`

Kamera huweka nakala ndogo ya picha ndani ya EXIF. Programu nzuri huibadilisha picha ikikatwa, mbaya huiacha. Matokeo yake ni picha iliyokatwa uso wa mtu, huku uso huo umebaki kwenye kijipicha. Wengi hutoa kijipicha kwa alama ya `>`, lakini kwenye PowerShell ya zamani (dirisha la amri la Windows) njia hiyo huharibu faili. Ndiyo maana hapa tumetumia `-w`.

Kwa anayenunua kamera ya Nikon iliyotumika, omba muuzaji apige picha moja mbele yako, kisha `exiftool -ShutterCount -SerialNumber DSC_0001.JPG`. Linganisha namba ya mfululizo na ile iliyochapwa chini ya kamera. Kwa Canon nyingi idadi ya shata haimo kwenye picha, hivyo usihukumu kwa kutoiona.

Zipo ndugu zake. `exiv2 -pa picha.jpg` ni ya haraka na inatosha kwa EXIF, IPTC na XMP, ila kwa MakerNotes iko nyuma. XnView MP ina kisehemu cha ExifTool ndani ya dirisha la kawaida na ni bure kwa matumizi binafsi. Asiyependa amri aanzie hapo. digiKam inafaa zaidi kupanga maktaba kuliko kuchunguza. Picha zenye Content Credentials, alama za kuthibitisha asili ambazo Leica M11-P ya mwaka 2023 ilikuwa kamera ya kwanza kuziweka, ExifTool huzisoma kama maandishi tu. Sahihi yake ya kidijitali huhakikiwa na c2patool.

## Saa, ambayo karibu kila mtu huisoma vibaya

DateTimeOriginal huandikwa hivi: 2024:03:15 14:22:07, yaani saa nane na dakika 22 mchana. Mstari huo wenyewe hausemi ni saa za wapi. Toleo la EXIF 2.31 la mwaka 2016 liliongeza OffsetTimeOriginal, na simu za sasa huandika +03:00 kwa Dodoma, Nairobi na Kampala, +02:00 kwa Kigali, Bujumbura na Goma, +04:00 kwa Muscat. Kamera nyingi hazijui. Huandika saa aliyoweka mwenyewe, na betri ya ndani ikifa hurudi tarehe ya kiwandani.

Hapa GPS inasaidia kwa namna nyingine. GPSTimeStamp daima ni saa ya ulimwengu, UTC. Picha ya saa 14:22 Afrika Mashariki inapaswa kuwa na GPSTimeStamp karibu na 11:22. Ukikuta tofauti ya saa saba badala ya tatu, ama saa ya kifaa ilikuwa imevurugika, ama mtu ameigusa. Windows na Google Photos hazikupi mstari huu. Preview hukupa, ExifTool pia.

Video ni balaa zaidi. Kwa MP4 na MOV, kiwango kinataka CreateDate iandikwe kwa UTC, hivyo video iliyorekodiwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 16 husomeka 22:00 ya tarehe 15. Baadhi ya kamera hukiuka kiwango na kuandika saa ya mahali. Kwa video za iPhone tafuta CreationDate, ambayo huja na ukanda wake wa saa; kwa nyinginezo, ongeza `-api QuickTimeUTC=1`, linganisha na jambo lenye saa inayojulikana, ndipo uandike ripoti.

## Ukishaona, kuondoa

Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, akiwa mafichoni, na GPS ya iPhone 4S iliyobaki ndani ya faili ikaonyesha yuko Guatemala. Anayechapisha picha za wengine anahitaji zaidi ya kutazama.

Windows ina Remove Properties and Personal Information chini ya Details, lakini hufuta inachokitambua tu. Scrambled Exif, inayopatikana F-Droid (duka la programu huria), ni nyepesi kwa Android: unashiriki picha kwake, nayo inaipitisha ikiwa imesafishwa. Kwenye Linux, mat2 hutengeneza nakala safi na kuacha ya asili.

Kwa ExifTool wengi huandika `exiftool -all= picha.jpg` na kushangaa picha imelala ubavu na rangi zimefifia. Hiyo ni kwa sababu Orientation na wasifu wa rangi navyo ni metadata, yaani taarifa fiche, vimeondoka pamoja na vingine. Tumia hii:

`exiftool -all= --icc_profile:all -tagsfromfile @ -orientation picha.jpg`

Usiitumie kwa mafaili ya RAW, yaani data ghafi ya kamera. Humo baadhi ya taarifa hizo zinahitajika ili picha isomeke vizuri.

ExifTool huacha nakala ya asili yenye jina picha.jpg_original katika folda hiyo hiyo. Ukituma folda nzima, umetuma GPS pia. Ukisharidhika na kazi, na ukiwa na nakala mahali pengine, `exiftool -delete_original Picha` huziondoa baada ya kukuuliza. Fanya hivyo kwanza, maana ukaguzi wa mwisho hauziangalii nakala hizo:

`exiftool -r -if "$GPSLatitude" -filename Picha`

Kwenye Mac, Linux na PowerShell, badala ya alama za kunukuu za vijistari viwili (") tumia za kijistari kimoja ('). Amri hutaja kila picha ambayo bado ina mahali. Kama hakuna jina lililotajwa, na idadi ya failed condition chini kabisa inalingana na idadi ya picha zote kwenye folda, GPS imeondoka.